Safari ya kwanza Ulaya: mji mmoja, miji miwili au nchi tano?

Wengi wanaojiandaa kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza huanza na orodha ya majina: Paris, Roma, Venice, Barcelona, Amsterdam, na Uswisi kwa ajili ya milima. Siku walizo nazo ni kumi, pengine kumi na mbili. Kwenye ramani miji hiyo inaonekana imekaribiana, na ndege za bei nafuu zipo tele, basi mpango unaonekana unawezekana. Ninavyoona mimi, kinachoamua kama safari itakuwa nyepesi au nzito ni mara ngapi utahama hoteli. Bei ya tiketi na idadi ya nchi vinafuata nyuma sana.

Tazama siku ya kuhama inavyokwenda. Hoteli nyingi zinataka utoke chumbani kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na huko unakoelekea chumba hakiwi tayari mpaka saa nane au saa tisa alasiri. Katikati ya saa hizo unafungasha, unaburuta sanduku kwenye barabara za mawe, unatafuta jukwaa la treni, unashuka mji usioujua, unajifunza upya mashine ya tiketi za metro, kisha unaanza kuisaka anwani. Hata treni yenyewe iwe ya saa moja na nusu tu, mchana umeshakwenda. Kwa ndege ni zaidi ya hapo, kwa sababu unaongeza safari ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kusubiri mizigo. Viwanja vingine navyo viko mbali na mji unaotajwa kwenye tiketi: Beauvais, unaouzwa kama uwanja wa Paris, uko kilomita zipatazo 80 kutoka Paris.

Sasa piga hesabu ya siku kumi. Toa siku ya kufika na siku ya kuondoka. Ukikaa mji mmoja, zinabaki siku nane kamili. Ukikaa miji miwili, zinabaki saba. Ukikaa miji mitano, unahama mara nne, zinabaki nne: siku nne za kutembea miji mitano. Mtaka yote hukosa yote, na hapa kukosa kwenyewe kumeandikwa kwenye ratiba kabla hujatoka nyumbani.

Mji mmoja

Huu ndio mpango mwepesi kuliko yote. Unafungua sanduku mara moja. Siku ya tatu unajua duka la mkate liko wapi na metro inatokea upande gani wa barabara. Ukiamka umechoka unalala, na hakuna tiketi inayokufa.

Watu hudhani mji mmoja maana yake ni kuona mji mmoja. Si hivyo. Ukikaa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, treni kutoka stesheni ya Rossio inakufikisha Sintra kwa dakika kama 40, kwenye majumba ya kifalme yaliyo katikati ya msitu, na jioni uko kitandani kwako. Ukikaa Vienna, Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, iko mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Ukikaa Roma, treni ya kasi inafika Naples kwa saa moja na dakika chache, nawe umebeba kibegi cha mgongoni tu. Kwenda na kurudi bila mzigo ni jambo tofauti kabisa na kuhama.

Ukisafiri na watoto wadogo au na mzee, au kama siku zako hazizidi saba, usihangaike kusoma zaidi. Chagua mji mmoja.

Miji miwili

Kwa siku nane hadi kumi na mbili, hapa ndipo ninaposimama. Unapata mabadiliko ya sura, lugha au mazingira, nawe unahama mara moja tu. Masharti ni mawili: miji iunganishwe na treni ya moja kwa moja isiyozidi saa tatu na kitu, na uingie kwa mji mmoja utokee mwingine. Unapotafuta ndege, usibonyeze "kwenda na kurudi". Chagua sehemu ya "miji mingi", uweke mji wa kufika na mji tofauti wa kuondokea. Mara nyingi bei haipishani sana na tiketi ya kawaida, na unaokoa siku nzima ya kurudi ulikotoka.

Nchi nyingi

Mpango huu unafaa mwenye wiki tatu au zaidi, na anayefurahia kuwa njiani kwa ajili ya kuwa njiani. Kwa wasioishi Ulaya kuna pasi ya treni iitwayo Eurail, inayopita nchi nyingi. Inavutia, ila ujue kwamba treni za kasi za Ufaransa, Italia na Uhispania zinahitaji uweke kiti na ukilipie juu ya pasi. Kwa safari ya siku kumi, tiketi za kawaida zilizokatwa mapema mara nyingi hukugharimu kidogo kuliko pasi.

Jozi tano, bega kwa bega

| Jozi | Treni | Fedha | Kinachorahisisha | Kinachochosha |
|---|---|---|---|---|
| Lisbon na Porto | kama saa 3 | euro | metro hadi viwanja vyote viwili vya ndege | vilima na ngazi |
| Roma na Florence | kama saa 1 na nusu | euro | treni nyingi kutwa, Florence ni ya miguu | foleni na joto la kiangazi |
| Paris na Amsterdam | kama saa 3 na dakika 20 | euro | usafiri wa umma unaofika kila mahali | bei, na tiketi za kuwahi wiki kadhaa kabla |
| Vienna na Budapest | kama saa 2 na dakika 40 | euro na forint | utulivu, bei nafuu upande wa Budapest | fedha mbili, Jumapili maduka yamefungwa Austria |
| London na Paris | kama saa 2 na robo | pauni na euro | lugha, kwa anayejua Kiingereza | taratibu mbili za kuingia |

Ningelazimika kumchagulia mtu nisiyemjua, ningempa Lisbon na Porto, yote miwili ya Ureno. Sababu kubwa haimo kwenye jedwali. Miji hii haina kile kitu kimoja ambacho usipokiona utasemwa ukirudi. Paris ina makumbusho ya Louvre, Roma ina Colosseum na Vatican, na mgeni wa mara ya kwanza hubeba deni la kuviona. Lisbon inakuacha utembee, ukae kwenye vibaraza vya juu vinavyotazama mto Tagus, upande tramu, ushuke. Hakuna tiketi ya saa maalumu inayokukimbiza.

Na vitu vidogo vimekaa sawa. Uwanja wa ndege wa Lisbon uko ndani ya mji, kwenye mstari mwekundu wa metro. Kwenye mstari huohuo, vituo vitatu tu kutoka uwanjani, ipo stesheni ya Oriente, zinakopita treni za Porto. Treni ya Porto inaishia Campanhã, pembezoni kidogo mwa katikati ya mji, na hapo wageni wengi huanza kutafuta teksi. Huna haja. Tiketi yako ya safari ndefu inakuruhusu kupanda treni ndogo ya dakika chache hadi São Bento, stesheni ya katikati, ambayo ukumbi wake umefunikwa na vigae takriban 20,000 vya buluu na nyeupe vilivyochorwa na Jorge Colaço mwanzoni mwa karne ya 20. Simama pale na sanduku lako utazame kuta: vita vya kale, maandamano ya kifalme, wakulima kwenye mavuno. Ni makaribisho ambayo hayakugharimu senti ya ziada. Kutoka Porto unaweza pia kwenda siku moja kwenye bonde la mto Douro, treni ikifuata ukingo wa maji hadi Pinhão, kwa saa mbili na nusu hivi.

Uzito wa jozi hii uko miguuni. Lisbon ni vilima, na vijiwe vyeupe vya njia zake huteleza vikilowa. Viatu vyenye soli inayoshika ni vya lazima, na kwa mwenye maumivu ya magoti jozi hii si yake. Tramu namba 28 inayopigwa picha na kila mtu hujaa kupita kiasi, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo. Ipande asubuhi na mapema au iache.

Roma na Florence ni chaguo la anayesema: nimengoja miaka mingi, nataka niione historia yenyewe. Sitamkataza, maana hakuna jozi yenye utajiri kama huo ndani ya saa moja na nusu ya treni. Kutoka uwanja wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express inakwenda bila kusimama hadi stesheni ya Termini kwa dakika 32. Kati ya Roma na Florence, kampuni mbili, Trenitalia na Italo, zinashindana, kwa hiyo treni ni nyingi na anayekata tiketi mapema analipa kidogo. Tiketi ya bei ya chini hufungwa kwa treni moja tu, ikikuacha, imekwenda.

Pale Termini utawaona watu wamesimama kwa makundi mbele ya ubao mkubwa, vichwa juu. Namba ya jukwaa hutokea dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, kisha umati wote unahama kwa pamoja. Usiogope, muda unatosha. Tafuta namba ya treni yako badala ya jina la mji, kwa sababu ubao unaandika mwisho wa safari: treni yako ya Florence inaweza kuwa imeandikwa Milano au Venezia. Na Florence kwenyewe utaiona kwa jina lake la Kiitaliano, Firenze. Shuka Santa Maria Novella, ambapo kanisa kuu liko mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu.

Kinachotaka mpango hapa ni siku za kufungwa. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure na msongamano wake hausemeki. Mjini Florence, makumbusho ya Uffizi na Accademia, ilimo sanamu ya Daudi ya Michelangelo, hufungwa Jumatatu. Anayepanga kulala Florence Jumapili na kuondoka Jumanne anaipoteza siku yake moja kamili kwa milango iliyofungwa. Kata mapema tiketi za Colosseum, Vatican na Uffizi, kimoja kwa siku, asubuhi, na ziache alasiri wazi. Jaribio la kupanga Colosseum asubuhi na Vatican mchana siku hiyohiyo ndilo linalowafanya watu waichukie Roma. Kwa kuondoka, ukikosa ndege ya Florence, tazama uwanja wa Bologna. Treni ya kasi inafika mji huo kwa dakika kama 40.

Paris na Amsterdam ni nzuri kwa mwenye bajeti iliyonyooka na anayependa kupanga mambo mapema. Tiketi za Eurostar, treni ya kasi inayounganisha miji hii, hupanda bei kadiri siku inavyokaribia. Louvre hufungwa Jumanne, makumbusho ya Orsay Jumatatu. Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam, alimojificha msichana huyo Myahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili, huuza tiketi kwa mtandao peke yake, kila Jumanne, kwa ziara za wiki sita mbele. Ukifika bila tiketi hutaingia. Jiji hilo pia hutoza kodi ya watalii ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na si kila mtandao wa hoteli unaionesha mwanzoni. Uliza pia kuhusu lifti, kwa sababu ngazi za nyumba za zamani za Amsterdam ni za wima, na sanduku la kilo 23 halipandi peke yake.

Vienna na Budapest haisemwi vya kutosha. Miji yote miwili ina mitaa mipana na usafiri wa umma mzuri, na mabafu ya maji ya moto ya Budapest, kama Széchenyi, yanampumzisha mtu katikati ya safari. Nunua vya kula Jumamosi ukiwa Austria, kwani Jumapili maduka mengi hufungwa.

London na Paris huvutia kwa sababu ya lugha. Lakini Uingereza haimo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Anayehitaji viza atahitaji viza mbili, ada mbili, na makaratasi mara mbili. Akitoka Paris kwenda London kisha akarudi Paris, viza yake ya Schengen lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atazuiwa kurudi. Kwa safari ya kwanza isiyo na presha, jozi hii naiweka ya mwisho, ingawa treni yake ni fupi na stesheni zote mbili ziko ndani ya mji. Ireland nayo iko nje ya Schengen, japo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya.

Makaratasi yanavyoegemea upande mmoja

Schengen ina nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipokamilisha kuingia Januari 2025, na viza moja inatosha zote, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Angalia jinsi kanuni hiyo inavyompendelea mwenye mpango mdogo. Aliyechagua Ureno peke yake anajua mara moja aombe wapi, na hoteli zake mbili zinaeleweka kwa anayezisoma. Mwenye nchi tano anaanza kuhesabu usiku, na akibadilisha hoteli moja huenda nchi ya kuomba nayo imebadilika.

Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya matibabu ya safari iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, basi chagua hoteli zinazokubali kufutwa bila malipo mpaka viza itoke.

Jambo moja linalosahaulika ni kubadilisha ndege. Ukiunganisha Frankfurt kwenda Lisbon, ukaguzi wa pasipoti unafanyika Frankfurt, kwa kuwa ndiko ulikoingilia Schengen. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuchukua alama za vidole na picha za wageni mpakani, na mara ya kwanza huchukua muda zaidi. Muunganisho wa saa moja ni wa kukosesha usingizi. Saa tatu ni za kupumua.

Kikundi au peke yako

Ziara ya kikundi inakuondolea maamuzi yote, na kwa mtu asiyependa simu, ramani na mashine za tiketi hilo ni jambo kubwa. Nisingemcheka anayeichagua. Ila zisome ratiba zake kwa makini: nyingi ni zilezile nchi tano, isipokuwa sasa unahama kwa basi, sanduku linatakiwa mlangoni alfajiri, na hoteli ziko nje ya mji. Njia ya kati ni kupanga mwenyewe miji yako miwili, kisha kulipia mwongoza watalii kwa matembezi ya saa mbili au tatu siku ya kwanza katika kila mji. Unapata maelezo, unajua mitaa, na jioni ni yako.

Wakati

Aprili hadi katikati ya Juni, au Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti Roma hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na vyumba vya zamani si vyote vyenye kiyoyozi. Desemba London jua huzama mnamo saa kumi jioni, jambo linalofupisha siku kuliko wengi wanavyotarajia. Anayelazimika kwenda majira ya baridi aende kusini, Lisbon au Seville ya Uhispania. Epuka Roma wiki ya Pasaka kama huendi kwa ajili ya Pasaka yenyewe.

Kama nimekushawishi kuhusu Ureno na una usiku tisa, ningezigawa hivi: Lisbon tano, Porto nne. Siku ya kufika usipange chochote zaidi ya kuoga na kutembea mtaani hadi giza liingie, usingizi uje wenyewe. Sintra iwe siku ya tatu au ya nne, si ya pili, na isiwe mwisho wa wiki. Treni ya Porto iwe ya saa nne au tano asubuhi, ili ufike chumba kinapokaribia kuwa tayari. Na ile siku ya Douro usiikatie tiketi mapema: ngoja uone mvua, kwa sababu Porto hunyesha, na bonde lile linataka jua.